Ni Lugari Ngapi Hadi Edmonton

Ule ukurasa bado upo. Niliufungua tena juzi wakati wa mapumziko ya saa nne, wanafunzi wakiwa uwanjani na mimi peke yangu na kikombe changu katika chumba cha walimu. Unaandika jina la mji mmoja, unaandika jina la mji wa pili, unabonyeza, na ramani inakuchorea mstari mwekundu uliopinda. Unatoka Edmonton huko Kanada, unapita juu ya barafu, juu ya Ulaya, juu ya jangwa, unatua Nairobi. Chini yake kuna herufi kubwa: kilomita elfu kumi na tatu na mia sita, muda wa ndege saa kumi na tano. Nilitaka kuitupa simu ukutani. Sikuitupa kwa sababu simu ni yangu na ukuta ni wa shule.

Watu huniambia ukurasa wa mtandao hauna kosa, eti ni kifaa tu. Mimi nasema unalo. Mtu akikuuliza njia ya kwenda Kakamega mjini ukamwambia ni nusu saa, ukanyamaza kuhusu daraja lililobomoka, umemdanganya. Lakini hasira yangu si ya ukurasa peke yake. Ipo ya kutosha kumgawia kila mtu aliyekuwa katika boma letu wiki ile, na fungu kubwa linalobaki lina mwenyewe. Nitafika kwake.

Mama alizaliwa, akaolewa na kuzeeka katika milima hii ya Iguhu. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Lugari, kwa dada yake aliyeolewa kwenye yale mashamba makubwa ya zamani ya wazungu. Kila mwaka alikwenda kumsaidia kuvuna mahindi, akarudi na gunia na habari za mwezi mzima. Kwake Lugari ndiyo ilikuwa mwisho wa mbali. Kwa hiyo mdogo wangu alipopata kazi Edmonton, Mama hakuuliza ni nchi gani wala watu wake wanakula nini. Aliuliza, "Ni Lugari ngapi?"

Nilikaa chini na kalamu nikamfanyia hesabu.

"Mia mbili na kitu, Mama."

Alicheka, akidhani namtania. Aliponiona sicheki, akaacha kuchambua maharagwe. "Lugari mia mbili," alisema polepole. "Basi mtoto atachokanga sana."

Hesabu ndiyo kazi yangu. Nafunza gredi ya sita, na kila mwaka inafika ile mada ya mwendo, umbali na muda. Basi linatoka Kakamega saa mbili asubuhi, linakimbia kilomita sitini kwa saa, litafika Eldoret saa ngapi? Kila mwaka naweka swali moja ambalo basi linasimama Webuye nusu saa ili abiria wanywe chai, na kila mwaka nusu ya darasa wanagawanya kilomita kwa mwendo na kuandika jibu bila ile chai. Nawapiga mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, daftarini. "Mmesahau kusimama," nawaambia. "Basi haliruki." Nimeyasema maneno hayo miaka mingi, kwa sauti ya mtu ambaye hawezi kukosea jambo kama hilo.

Mdogo wangu ameishi huko miaka kumi na mmoja. Anapanga masanduku kwenye ghala kubwa lisilo na madirisha. Ndiye mtoto wa kiume pekee katika nyumba yetu, na katika miaka hiyo yote alikuja mara moja, akakaa siku kumi, akaondoka na pakiti nne za unga wa wimbi. Mimi sikuondoka. Mama alipopata kiharusi na upande wake wa kushoto ukalala, ni mimi niliyehamisha kitanda changu nikakiweka chumbani mwake. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha obusuma, ugali wetu, kwa vidole, kisha nikapanda pikipiki kwenda kufunza. Silalamiki. Au ndiyo, nalalamika, maana nimechoka kuambiwa mwanamke mwema halalamiki.

Yeye alituma sauti. Mama hakujua kusoma ujumbe wa simu, basi kijana alijirekodi akizungumza na kumtumia kwenye simu yangu, nami nikaishika simu sikioni mwa Mama. Mwanzoni nilizipenda. Alimweleza theluji inavyolia chini ya viatu, alimwimbia wimbo wa kanisani, alimwuliza kama mbuzi wamezaa. Lakini kila sauti iliishia mahali pamoja: mwaka huu nakuja, Mama. Pasaka nakuja. Likizo ikikubaliwa, mwezi wa nane nakuja.

Yeye alisema na kwenda zake kazini. Mimi ndiye niliyebaki na yale maneno. Mama aliyachukua kama kalenda. Alitenga jogoo, akakataza mtu yeyote kumgusa, akamwita jogoo wa mwanangu. Jogoo wa kwanza alizeeka hadi akashindwa kuruka kwenye kichanja, tukamla siku ya kawaida na nyama yake ikatushinda meno. Wa pili aliibiwa. Wa tatu alikuwapo mwezi wa nane uliopita, wakati kijana alipotaja mpaka siku: Jumamosi ya pili.

Jumamosi hiyo Mama aliniambia nimvishe gauni la kijani na kumtoa nje. Nilibeba kiti hadi langoni, nikarudi nikambeba yeye. Nilimwambia hakuna uhakika, mtoto hajapiga simu. Alinijibu kwamba mtu aliye njiani hapiganga simu, anatembea. Alikaa hapo tangu asubuhi, mkono wake mzima ukiwa umeshika ule uliolala, akiangalia barabara ya murram. Saa nane mvua yetu ya kila siku ikashuka. Nilimkimbilia na mwavuli, akakataa kuondoka. Nilimnyanyua kwa nguvu huku akinipiga begani kwa ule mkono mmoja, mama yangu mzazi, akilia kwamba mwanawe atafika akute lango halina mtu.

Jioni sauti ikaja. Likizo haikukubaliwa. Pole, Mama.

Wiki mbili Mama alikohoa. Nilimsugua kifua nikiwa nimekasirika, na katika wiki hizo mbili nikaamua. Sitamchezea tena hata moja. Sauti iliyofuata ilipoingia niliiacha hapo na kile kitone chake cha kuonyesha haijafunguliwa. Ikaja ya pili, ya tatu. Mama aliniuliza kila siku nikirudi kutoka shule, kabla hata sijavua viatu. "Hajatuma sauti?"

"Hajatuma, Mama."

Hakuwahi kumlaumu. Hilo nalo lilinikera. Siku moja aliniambia, kana kwamba mimi ndiye wa kubembelezwa, "Usimkasirikie. Ni Lugari mia mbili. Sauti nayo inachokanga njiani."

Mama alifariki Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, asubuhi, kitandani mwake, uji ukiwa bado moto. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Baba alikwisha tangulia zamani, kwa hiyo mambo yote yalishikwa na baba mdogo, ndugu yake. Ni mtu mwenye sauti ya mkutanoni, na simu yake ni mulika mwizi ya kupiga na kupokea tu. Jumatatu hiyohiyo mdogo wangu alimpigia. Waliongea dakika moja na nusu na laini ikakatika. Baba mdogo alitoka na jambo moja tu mkononi: kijana anatoka huko Alhamisi jioni.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu wa mbali ataniona nimekasirikia upepo. Katika ukoo wetu kaburi huchimbwa alfajiri ya siku ya maziko, si siku ya kabla. Jembe likishaingia, shimo lile lazima lipate mtu wake kabla jua halijazama. Likilala tupu, wazee husema, litaita mwingine kutoka boma hilohilo. Na mtoto wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza. Mama alikuwa amelitaja hilo mara nyingi, bila huzuni, kama mtu anayekumbusha nani atafunga mbuzi. Alitaka mkono wa mwanawe uanze. Alitaka pia mwanawe amwone uso kabla ya kifuniko kufungwa. Hayo mawili tu.

Jumanne kamati ya mazishi ilikaa chini ya hema, wanaume kwenye viti vya plastiki, baba mdogo katikati na daftari gotini. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jikoni. Aliniita.

"Msichana wetu, wewe uko na simu ya kugusa. Hebu tuangalilie. Kutoka huko kwa kijana mpaka Nairobi ni masaa ngapi?"

Nina miaka arobaini na sita na bado ni msichana wetu. Niliandika majina ya miji miwili, nikafungua ukurasa wa kwanza uliojitokeza. Ule mstari mwekundu ukaanza kujichora. Na wakati huohuo, juu kabisa ya kioo cha simu, ujumbe wa sauti ukadondoka kutoka kwa mdogo wangu, dakika mbili na sekunde arobaini. Ulifunika ile namba niliyokuwa nikiitafuta. Nikausukuma pembeni kwa kidole gumba ili nisome.

"Masaa kumi na tano," nilisema.

"Kumi na tano peke yake?" Baba mdogo alicheka kwa mshangao. "Si hiyo ni basi ya kwenda Mombasa!"

Wakahesabu kwa vidole. Alhamisi jioni saa kumi na mbili, ongeza kumi na tano, ni Ijumaa saa tatu asubuhi yuko Nairobi. Ijumaa jioni yuko hapa anakula ingokho, kuku wa mgeni. Jumamosi tunazika, na hata tumempa nafasi ya kulala. Mmoja akasema kijana ana bahati kuishi karibu hivyo, siku hizi dunia imekuwa ndogo. Daftari likaandikwa.

Na mimi nilisimama hapo. Mimi wa mkasi mwekundu. Sikusema ndege haitoki Edmonton moja kwa moja hadi Nairobi, kwamba inasimama, na inasimama tena. Sikusema kwamba Alhamisi jioni ya huko huku kwetu ni Ijumaa alfajiri, saa kumi nzima mbele. Chini ya zile herufi kubwa kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo kama sisimizi: muda umekadiriwa kwa njia iliyonyooka, hauhesabu kusubiri wala kubadilisha ndege. Sikuteremka kuusoma. Nitasema ukweli wote, kwa kuwa nimeanza. Nilifurahi kwamba ni saa kumi na tano. Miaka kumi na mmoja alituambia ni mbali, Mama, ni mbali sana, kumbe ni saa kumi na tano. Nilirudi jikoni nikawaambia wanawake, "Mmesikia? Hata siku moja haijai." Nikawasha moto kwa vishindo.

Ijumaa tulikwenda mochari tukamleta Mama nyumbani. Nikiwa kwenye gari simu ilitetemeka, sauti nyingine kutoka kwake, nami nikairudisha mfukoni. Nilijiambia ataniambia mwenyewe uso kwa uso usiku huohuo. Ijumaa ikapita bila mtu. Simu yake haikupatikana. Baba mdogo alisema ndege imeshatua, kijana yuko tu Nairobi anatafuta gari, na vijana wa kutoka nje wanapendanga kupumzika kwanza. Jumamosi alfajiri nilisikia jembe la kwanza likiingia udongoni nyuma ya nyumba, na moyo wangu haukufanya lolote.

Saa nne simu ikalia. Kaburi lilikuwa limefika kifuani mwa wachimbaji, watu wamejaa hemani, ngoma za isukuti zinapigwa barabarani. Niliziba sikio moja.

"Dada, niko Amsterdam," alisema. "Theluji ilituzuia Edmonton, nikakosa ya Toronto, nikalala uwanjani. Nafika Nairobi usiku wa leo. Nyumbani ni kesho saa tano hivi. Mmewaambia watu ni Jumatatu, si ndiyo?"

"Jumatatu gani?"

"Si nilikuambia! Nilikutumia Jumanne."

Laini ikakatika. Nilikwenda nyuma ya jiko, kwenye kuni, nikafungua ile sauti niliyoisukuma kwa kidole gumba.

"Dada, Baba mdogo ametaja Jumamosi kisha simu imekatika, na ujumbe wangu hapati. Jumamosi siwezi. Nikitoka Alhamisi jioni, kwenu ni Ijumaa tayari. Nabadilisha ndege Toronto, nabadilisha tena Amsterdam. Hata kila kitu kikienda sawa ni Jumamosi jioni, na huku theluji inaanguka. Waambie Jumatatu. Tafadhali, Dada, najua umenikasirikia, lakini waambie wasichimbe kabla hawajaniona."

Kutoka pale kwenye kuni nilikuwa nawasikia wakitupa udongo nje ya shimo.

Mtu mwenye adabu angekwenda kwa baba mdogo akasema, nimekosa. Mimi nilikwenda nikapiga kelele. Nilimkuta mbele ya hema anapanga wasemaji, na sikumsalimu.

"Simamisheni. Mtoto anafika kesho. Tunangoja."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeingia kanisani. "Kaburi hailalangi wazi, msichana wetu. Unajua."

"Basi irudisheni udongo, mchimbe tena kesho!"

"Imekwisha fungua mdomo. Huwezi kuifunga na udongo tupu."

"Wekeni mgomba." Kwetu, mtu akipotea kabisa na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake, ili shimo litulie na roho ipate mahali. Nilijua vizuri nilichokuwa nikisema. "Kateni mgomba, ulale humo usiku wa leo. Kesho mnautoa, tunamweka Mama."

"Mgomba ni ya mtu amepotea," baba mdogo alisema. Sauti yake ya mkutanoni haikuwapo, alisema polepole. "Mama yako amepotea? Si yule pale ndani ya sanduku? Tudanganye kaburi, halafu kesho ikuchukue wewe ama huyo kijana?"

Nilimwita mkaidi. Nilimwambia anapenda daftari kuliko binadamu, kwamba miaka miwili Mama akiwa kitandani alikuja kumwona mara tatu, na sasa amepata pa kuonekana. Senje, dada yake Baba, aliinuka kutoka kando ya jeneza akanishika kiuno kunivuta nyuma. Nikamsukuma, mwanamke wa miaka sabini. Nikasema kamati nzima haina mtu mmoja anayeweza kuhesabu saa.

Hapo ndipo baba mdogo alipofungua daftari. Hakupaza sauti. Alitafuta ukurasa, akaweka kidole.

"Masaa kumi na tano," alisoma. "Ni nani alituambia?"

Simu ilikuwa mkononi mwangu, bado ina joto la ile sauti. Sikuwaonyesha. Ningewaonyesha, labda wangekubali jambo fulani, labda pasta aliyekuja kuzika angepata maneno ya kuwatuliza, sijui. Niliona aibu, na kwangu mimi aibu hutoka ikiwa imevaa hasira. Nilitema mate chini mbele ya watu, nikaingia ndani.

Tulimzika saa nane. Senje ndiye aliyefunga kidirisha cha jeneza cha kuonyesha uso. Baba mdogo alitupa udongo wa kwanza, kisha akageuka akafuta macho, na hata kwa hilo sikumhurumia.

Usiku wote sikulala kwa kupanga maneno. Sikuyapanga ya kuomba msamaha. Nilipanga ya kumwambia mdogo wangu. Nilianzia kwenye jogoo wa kwanza nikaja hadi kwenye mvua ya mwezi wa nane, kila moja na mahali pake, kama mtu anayepanga mawe karibu na mlango. Ile sauti ya Jumanne nilikuwa nimeiwekea jibu: ungepiga simu kama watu. Nilikuwa tayari.

Alifika Jumapili saa tano na dakika chache, kwa gari la kukodi kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu. Alikuwa amenenepa usoni. Alibeba koti zito la baridi mkononi katika jua letu lile, na viatu vyake vilikuwa na chumvi nyeupe ya barabara za theluji iliyokauka pembeni. Hakuingia nyumbani. Aliwapita watu waliokuwa wakiosha sufuria, akazunguka nyumba, akaenda hadi kwenye tuta la udongo mwekundu, akasimama. Nikamfuata.

"Miaka kumi na mmoja," nilianza.

Aliniacha niseme. Nilisema yote. Nilimwambia jinsi Mama alivyopigwa na mvua langoni akiwa amevaa gauni la kijani, na jinsi nilivyombeba akinipiga. Nilimwambia ghala lake lina masanduku muhimu kuliko sanduku hili. Nilikuwa nikisema kwa sauti ambayo wanaoosha sufuria waliisikia, nilijua, na sikujali. Hakujitetea hata neno moja, na hilo lilinizidishia hasira, maana nilikuwa na majibu ya kila kisingizio chake.

Nilipoishiwa pumzi akauliza, bila kugeuka, "Alikuwa bado amenikasirikia?"

"Nani?"

"Mama."

Sikuelewa. Akatoa simu yake, akaifungua, akanionyesha mazungumzo yetu. "Ukituma sauti, inakuonyesha kama imesikilizwa. Hiki kialama cha maikrofoni kinageuka rangi. Tangu mwezi wa nane hadi jana hakikuwa kimegeuka hata kimoja. Angalia. Nikajua amekataa kunisikia." Alikuwa akipandisha kidole, sauti moja, nyingine, nyingine. "Nilikuwa na haki gani ya kulalamika? Nilimweka langoni. Nikaendelea kutuma tu, nikidhani siku moja atalegea. Mwezi wa kumi na mbili nikawaambia kazini naenda, mkinifuta mnifute, naenda kumwomba mama yangu msamaha. Nilikuwa na tiketi ya mwezi wa pili. Nilimwambia kwenye hii hapa." Kidole kikasimama. "Hii hakuisikia."

Ningeweza kumwambia ndiyo, alikuwa amekasirika, lakini mwisho alikusamehe. Maneno hayo yalinijia yenyewe, tayari, na yangetuponya wote wawili mbele ya majirani. Nilifungua kinywa niyaseme.

"Hakukukasirikia," nilisema. "Hakujua zimekuja. Ni mimi."

Hakuelewa kwa mara ya kwanza. Ilibidi nirudie.

"Aliuliza kila siku kama umetuma. Nikamwambia hujatuma."

Alikaa chini. Hakutafuta jiwe wala kiti, alikaa kwenye ule udongo mpya na suruali yake nzuri, koti mapajani. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane, nilikuwa na nguvu ya kutukanwa. Aliuliza tu, "Na ukimwambia hujatuma, alisemaje?"

"Alisema sauti nayo inachokanga njiani."

Akainamisha kichwa kwenye lile koti. Maneno yote niliyoyapanga karibu na mlango yalikuwa yamekwisha, na hakukuwa na mtu mwingine pale wa kumgombeza.

Aliniomba simu yangu. Nilimpa, akabaki nayo hapo kaburini, nami nikaingia ndani kumtafutia kiti. Chumba kilikuwa bado hakijaguswa. Kitanda changu dirishani, cha Mama ukutani, shuka limekunjwa. Kupitia dirishani nilianza kumsikia akizungumza, si yule aliyekaa nje, bali yule wa kwenye simu, akimwuliza Mama kama mbuzi wamezaa. Nilisimama karibu na kitanda changu, mahali ambapo kila jioni nilikuwa nikiweka simu kwenye chaji, nikatembea hadi kwenye mto wa kulalia wa Mama, nikihesabu. Ni hatua saba.